Foleni ya Bomba Jipya

Mfuniko wa birika ulikuwa ukigongagonga jikoni, na nje bado giza. Nikajua mjukuu wangu hakulala.

Anasomea utangazaji. Siku hizi wanafundishwa kuripoti habari za maendeleo, na mwalimu wao alimtuma kwenye bomba jipya la mtaa wa juu. Jana yake alimwomba mlinzi wa bomba amfungulie, ili anase sauti ya maji. Akanasa, akarudia, akarudia tena, mpaka tangi likakauka. Wanawake wa nyuma kwenye foleni wakaondoka na ndoo tupu, mmoja wao ana kichanga mgongoni.

"Mwalimu kasemaje?" nikamuuliza.

"Kasema habari yangu ina maji, haina watu. Nirudi kwa yule mama mwenye kichanga. Bibi, atanifukuza!"

"Tutafukuzwa wawili. Vaa viatu."

Tulijaza dumu maji kutoka kwenye pipa letu, tukalibeba kwa kupokezana. Magoti yangu ni ya zamani, kwa hiyo zamu zangu zilikuwa fupi.

Yule mama alikuwa mlangoni akikunja nepi, mtoto mgongoni. "Haa, mwandishi! Leo umekuja kumaliza na mvua?"

Mjukuu akatua dumu. "Nimekuja kuomba radhi, dada. Jana sikugeuka nyuma niwaone."

Mama aliponiona nahema akaingia ndani, akanitolea kigoda, akakipangusa kwa kanga yake. Mtu ana hasira, na bado anakupangusia kigoda.

Mjukuu akatoa kinasa sauti.

"Zima dude hilo kwanza, nimalize kukutukana," mama akasema, kisha akaangua kicheko. "Mwanangu, jana uliyamaliza wewe. Juzi yaliisha yenyewe. Wenye watoto wachanga hatuwezi kuwahi alfajiri, na tukifika, tangi tupu. Siku ya uzinduzi wa bomba mimi nilikuwa leba. Nani angeniuliza?"

"Nakuuliza mimi," mjukuu akasema polepole. "Niwashe?"

"Washa."

Mjukuu akampokea mtoto, mama apate kuongea vizuri. Katikati ya maneno mtoto akalia kwa nguvu zote. Nilidhani mjukuu atasema warudie. Hakusema. Alimbembeleza tu, kinasa kikiendelea.

Tulipoaga, mama alinishika mkono. "Habari ikishatangazwa msinitupe, bibi. Njooni tena. Na dumu liacheni nyumbani, njooni tu tukae."