Mashine za Kahawa Zilivyonilinganisha na Ndoo

Usiku wa jana niliota ndoto ambayo mke wangu hataki kuisikia, kwa hiyo nawasimulia ninyi.

Kwanza mjue nililalaje. Tangu mvua za mwaka jana nimekuwa nikitafuta mashine ya espreso ya nyumbani. Sijanunua, maana mtu mwenye akili zake hanunui kabla ya kulinganisha. Nimelinganisha zenye boila moja ya kuchemshia maji na zenye boila mbili, visagio vya umeme na vya kuzungusha kwa mkono, mizani, chujio, na vijagi vya kupovushia maziwa. Nilifika mahali nikajua kuliko wauzaji, nikawa nawapigia simu kuwasahihisha. Na ili ulimi wangu uwe safi siku ya kikombe cha kwanza, nikapiga marufuku kahawa nyingine yoyote nyumbani kwangu. Hata ile ya kutafuna.

Sasa hapa ni Bukoba. Mgeni akiingia, kabla hujamuuliza hata habari za alikotoka, unamletea kikapu kidogo chenye kahawa kavu, achukue na kutafuna. Nyumba yangu ya Kashai ikawa ndiyo pekee mtaani ambako mgeni anakalishwa mdomo mtupu. Watu walisema, nikawaacha waseme.

Jana jioni mke wangu, Kemilembe, akaniambia kwamba mama yake, Ma Kokuteta, anakuja asubuhi kutoka Kamachumu.

"Baba Alinda," akasema, "mama akikosa kahawa kwenye nyumba hii, akiondoka naondoka naye. Na sikutishii."

"Nimebakiza mashine tatu tu za kulinganisha," nikamjibu.

Akageukia ukutani. Nilijua hatanii, na roho iliniuma, lakini niliendelea kusoma maoni ya wateja mpaka simu ikaniangukia usoni.

Nikasikia hodi.

Ni mchana wa jua kali. Nimevaa shati la kuendea kanisani, na chini nimejifunga taulo. Nafungua mlango. Zile mashine tatu zimesimama nje, kila moja na mkoba wake. Nyuma yao kuna kisagio kizee kilichojitanda khanga, kinatembea taratibu kwa sababu ya miguu.

"Karibuni, waitu," nasema, kwa heshima ya Kihaya. "Mmekuja kulinganishwa?"

"Tumekuja kulinganisha," inajibu ile ya boila mbili, na inapita.

Kila mahali nilikosoma wameandika kwamba kisagio ni muhimu kuliko mashine. Ndivyo ilivyokuwa. Kisagio kikakaa kwenye kochi langu, mashine zikakaa chini mkekani, na mimi nikabaki nimesimama. Niliwauliza shida yao. Ile ya boila mbili ikasema haiwezi kuzungumza kabla haijapata moto vizuri. Tukangoja. Tulikaa tukiitazama taa yake nyekundu, na kalenda ya ukutani ikawa inajifunua yenyewe, mwezi baada ya mwezi.

Kutoka chumbani kwangu nikasikia mkoromo.

"Ni punje," kisagio kikasema. "Zimekaangwa juzi. Si wanasema zipumzike kwanza?"

Nachungulia. Punje za kahawa zimejaa kitandani, zimejifunika blanketi langu mpaka shingoni. Moja inafungua jicho.

"Funga mlango," inaniambia. "Unatuingizia hewa."

Nafunga.

Ili muda uende, nikajaribu kuongea na mashine ya pili, ile ya vidonge vya kahawa vilivyofungwa kwenye foili. Nikaibonyeza. "Nzuri sana, asante," ikasema, ikadondosha kiganda cha foili. Nikaiuliza kama safari ilikuwa salama. "Nzuri sana, asante," ikasema, na kiganda kingine kikaanguka. Nikaiuliza kama kuna msiba. Ikajibu vilevile. Ya tatu, ya kubana kwa mkono, haiongei mpaka uvute mpini wake kwa nguvu zako zote, na ukiuachia kabla ya wakati unakupiga kidevuni. Ilinipiga.

Taa ikageuka kijani. Papo hapo sebule yangu ikawa ofisi ya kata, siku ya usuluhishi wa ndoa. Kemilembe amekaa mbele, ana simu yangu, anaisogeza kwa kidole gumba bila kuinua macho. Kwenye benchi la kulinganishwa tuko waume watatu: mimi, jirani yangu Ta Rwechungura anayekunywa kahawa ya kopo na kuisifu, na ndoo ya plastiki, ya bluu.

"Mume wa kwanza," inasoma ile ya boila mbili. "Nani amewahi kumtumia?"

"Mimi," anasema Kemilembe.

"Maoni?"

"Picha zake zilikuwa nzuri kuliko yeye. Anachelewa kupata moto. Kelele ni nyingi, kinachotoka ni kidogo."

"Usafi?"

"Kila siku nasafisha mimi."

"Na ndoo?"

Kemilembe anaitazama ndoo, na uso wake unalainika kwa namna ambayo sikuipenda.

"Ndoo ukiiacha mahali, unaikuta. Ukiitaka maji, ina maji."

"Inavuja?"

"Haijawahi."

Ndoo ikainamisha macho kwa adabu.

"Waheshimiwa," nikasema, "mimi siwezi kulinganishwa na ndoo."

"Basi tumpime," ikasema mizani, ambayo sikuwa nimeiona ikiingia. Nikapanda juu yake. Ikabonyeza kile kitufe chake cha kuondoa uzito wa chombo ili kibaki kilichomo. Ikaondoa shati la kanisani. Ikaondoa kitambi, ikaondoa jina la ukoo wangu na yote niliyowahi kusoma kuhusu boila. Kisha ikasoma kilichobaki: "Gramu nne. Karibu na tano."

Ta Rwechungura akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Alinda, unaamua nini?" ikauliza ile ya boila mbili.

"Siamui leo," akasema Kemilembe, bado anasogeza simu. "Nangoja toleo jipya, huenda wamemrekebisha. Nitasoma kwanza maoni ya wengine. Mtu mwenye akili zake hachukui kabla ya kulinganisha."

Maneno hayo ni yangu. Nimeyasema kwenye kochi lile kila jioni, huku nikijiona mtu makini, na sikuwahi kukaa upande wa kuyasikia. Niliona aibu. Kisha nikaogopa kweli, kwa sababu niliona jinsi kidole chake kinavyonipita bila kusimama. Mwanamke huyu angeweza kuondoka kabisa, na mimi nikabaki na benchi.

"Mpeni nafasi ajibu," kikasema kisagio. "Mwanangu, kwa nini abaki kwako? Ila ujue, jibu ni kama espreso. Likitoka haraka ni chachu. Likichelewa ni chungu."

Kikombe kidogo kikawekwa chini ya kidevu changu.

"Kwa sababu nampenda!" nikasema mara moja. Jibu likamwagika kikombeni, jepesi kama chai ya jana. Kisagio kikaonja na kukunja uso.

"Chachu. Limekimbia."

Mara ya pili nikajizuia. Nikamkumbuka Kemilembe alivyonicheka siku ya kwanza nilipojaribu kumenya ndizi mbele ya dada zake. Nikakumbuka tulivyolala macho wiki nzima mwanetu Alinda alipougua surua. Nikawa napanga niseme lipi kwanza, nalinganisha kumbukumbu hii na ile, na jibu likaanza kudondoka tone moja moja, jeusi kama lami.

"Chungu," kikasema kisagio. "Limeungua. Na kuna jambo jingine, mwanangu. Tumeingia kwako zamani. Umetuhoji, umetubonyeza, umetuvuta mipini. Hadi sasa tuna midomo mitupu."

Mashine ya vidonge ikadondosha kiganda kitupu. Hata ndoo ilinionea haya.

Nikakimbilia kabati la jikoni. Nafungua, na ndani ya kabati ni shamba la wakwe zangu Kamachumu, migomba juu, miti ya kahawa chini yake, na Ma Kokuteta katikati anapalilia.

"Unatafuta nini kwenye kabati langu?" akauliza.

"Kahawa, mama."

"Si uliifukuza?"

"Niliifukuza, mama. Nimekuja kuiomba radhi."

"Usiniambie mimi. Iambie yenyewe."

Miti yote ilikuwa imenipa mgongo. Nikapiga magoti kwenye matandazo, taulo na yote, nikauomba radhi mti wa kwanza, ukanuna. Nikauomba wa pili, ukaniambia una wageni. Wa tatu ulinisikiliza hadi mwisho, ukapumua, ukaniangushia tunda moja, tayari limechemshwa na kukaushwa. Nililishika kwa mikono miwili.

Narudi. Tunda moja, na wageni ofisi nzima. Nikaanza kufikiri nani anastahili zaidi, ile ya boila mbili kwa ukubwa wake au kisagio kwa umri, halafu nikajisikia ninachokifanya. Nalinganisha tena.

Nikaacha. Nikaenda moja kwa moja kwa Kemilembe, nikalipasua tunda kwa meno. Ndani mna punje mbili, zimelaliana kama ilivyo kawaida yake. Kwetu wazee walioapiana undugu waligawana hivyo, moja yako, moja yangu, na kuanzia hapo hakuna wa kumkimbia mwenzake. Punje moja nikaiweka mdomoni mwake, nyingine mdomoni mwangu. Kikombe kilikuwa bado chini ya kidevu changu, kitupu.

"Msizitafune," kikasema kisagio. "Shavuni. Halafu ungoje."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aamue yeye. Umezoea kungojwa, sasa ngoja na wewe."

Kemilembe akaweka simu chini. Benchini ndoo ikaanza kuvuja, polepole, kisha kwa kwikwi, na maji yakatandaa ofisini kote. Mashine zikainua mikoba yao. Kemilembe akafumbua mdomo aseme, na mimi nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Upande wake wa kitanda ulikuwa mtupu, umeshapoa. Sebuleni nikasikia sauti ya Ma Kokuteta. Amekuja na gari la kwanza. Nilitoka na nguo za kulalia, sikusalimia mtu.

Kemilembe alikuwa amesimama mbele ya mama yake, ameshika shavu.

"Baba Alinda," akasema, "uliniwekea nini mdomoni usiku?"

Akatema kiganjani. Ilikuwa punje ya kahawa, kavu, bapa upande mmoja. Tangu mwaka jana hakuna punje iliyovuka kizingiti cha nyumba ile. Nilipitisha ulimi shavuni kwangu, nikasita, nikatoa ya kwangu.

Aliichukua. Akazikutanisha bapa kwa bapa, zikashikana sawasawa, hata pale zilipobanduka kidogo kwenye ncha palilingana. Akazitazama. Akanitazama mimi. Nilikuwa na maneno mengi, ya mapema na ya kuchelewa, na nikayameza yote. Nilingoja. Sijawahi kungoja kitu namna ile maishani mwangu.

Kemilembe akanirudishia yangu. Yake akaitia mdomoni, akaisogeza shavuni, akaketi.

Ma Kokuteta alitutazama mmoja mmoja. Kisha akanyoosha kiganja.

"Na mimi?"