Tangu Lini Chiriku Anajua Timazi?

Mafundi wenzake walimwita Kimya, na jina lenyewe halikuwa la kumwonea. Mwashi yule angeweza kupandisha ukuta tangu asubuhi hadi jua la utosi bila kusema zaidi ya "lete maji" na "sogea". Mkewe ndiye aliyekuwa na maneno ya watu wawili. Alikuwa mchora mabango. Maduka, saluni, gereji, karibu nusu ya mabango ya mtaa ule yalitoka mkononi mwake, na kwa kuwa hakuna siku aliyorudi nyumbani bila doa la bluu au la njano mahali fulani, watu walimwita Rangi.

Kisukari kilimwanzia machoni. Kwanza herufi ndogo zilimchezea, kisha zile kubwa, mpaka mteja mmoja akamwambia kwa upole kwamba neno "Karibu" limepanda mlima. Rangi alicheka. Jioni ile aliosha brashi zake, akazifunga kwenye gazeti na kuziweka juu ya kabati.

Mchezo uliletwa na mpwa wao, binti wa dada yake Rangi, wakati macho yake yakiwa bado yanaona kidogo. Aliunganisha kimashine kwenye televisheni ya sebuleni, akampa Rangi padi ya kuchezea, akasema, "Mama mdogo, huu utakutoa upweke." Ilikuwa dunia ya matofali matupu. Mti ulikuwa matofali, ng'ombe matofali, hata jua lilichomoza likiwa na pembe nne. Binti aliwaeleza kwamba upo mchezo mwingine, mama wa huu, ambao mtu hujenga tu apendavyo bila mwisho. Huu wa kwao una hadithi. Watu wake wanagombana, wanaogopa, wanapatana, na kila njia panda mchezaji anaulizwa aseme nini, na atakalosema ndilo linalogeuza mambo.

Kimya alisimama nyuma ya kiti, mikono yake bado na saruji, akaitazama nyumba kwenye kioo.

"Nani kajenga hii?"

"Ni mchezo," Rangi akasema.

"Hata kama. Msingi uko wapi? Na lile paa limeshikwa na nini?"

"Limeshikwa na roho nzuri. Kaa chini, fundi."

Akakaa. Tangu siku hiyo, kila jioni akishaoga, walikaa pamoja kwenye kochi. Hadithi ilikuwa hivi: ufa umetokea duniani na unakula nchi kipande kwa kipande, na marafiki wanne wanatafuta ulipoanzia ili wauzibe. Hawakuwa na sauti. Maneno yao yaliandikwa chini ya picha. Mmoja wao alikuwa Chiriku, mwanamke mfupi mwenye kofia ya kijani, mjenzi wa madaraja anayeogopa kupanda juu, na ambaye huongea bila kituo.

"Huyu ni mimi," Rangi alisema siku ya kwanza tu. "Tazama anavyomchosha kila mtu."

Kisha macho yakazima kabisa. Kimya alidhani mchezo umeishia hapo, lakini Rangi alimsukumia padi.

"Sasa macho ni yako. Cheza, niambie."

Mwanzoni ilikuwa taabu.

"Wanatembea," Kimya alisema.

"Wapi?"

"Njiani."

"Njia gani, mume wangu? Ya mchanga? Ya mawe? Umeniweka kwenye giza halafu unanifungia na mlango."

Ikambidi ajifunze. Alitafuta maneno kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko uliotoboka. Siku moja alisema, "Uwanja wa njano. Si njano ya ndizi. Ile njano ya bango la duka la dawa," na Rangi akapiga makofi. "Ile niliyoichanganya na nyeupe! Naiona, naiona." Usiku ule alilala akiwa na furaha, na Kimya alibaki akijishangaa kwamba zimetoka kinywani mwake sentensi tatu mfululizo. Walipofika njia panda alimsomea majibu yote, yeye akachagua. Hawakupitisha hata neno moja bila yeye.

Baadaye miguu ya Rangi ilianza kuvimba. Hospitalini walimlaza siku kadhaa, wakampima hiki na kile. Siku ya kutoka, daktari alimwita Kimya kwenye korido, na dada yake Rangi akafuata. Daktari alikuwa kijana, alisema taratibu huku akiitazama sakafu. Figo zimechoka. Moyo nao hauwezi kustahimili mashine ya kusafisha damu. Mpelekeni nyumbani, mkae naye vizuri.

"Muda gani?" dada mtu akauliza.

"Siyo mrefu, mama."

Daktari alipoondoka, shemeji alimshika Kimya mkono kwa nguvu. "Usimwambie. Ukimwambia utamuua kabla ya siku yake. Unanisikia, shemeji?"

Kimya hakuwa mtu wa kubishana. Walipoingia wodini, Rangi alikuwa amekaa kitandani, amekwisha kuvaa viatu, uso ameuelekeza mlangoni.

"Kasema nini?"

"Kabadilisha dawa," Kimya akajibu. "Utapata nafuu."

"Tena Desemba tunasafiri wote watatu," dada akadakia, "nimechoka na mji huu." Akageuka haraka kufunga begi ambalo lilikuwa limefungwa tayari.

Ilikuwa wiki hiyohiyo walipofika kwenye daraja. Ufa ulikuwa umewafikia. Chiriku alikuwa amejenga daraja la mbao juu ya bonde, na wenzake walipokuwa wakivuka, nguzo ya mwisho ikaanza kulika. Akabaki ameishikilia kwa mikono yake mwenyewe. Mchezo ukauliza: umwambie nini?

"Mwambie arudi!" Rangi akasema. "Haraka, mume wangu!"

Kimya akabonyeza. Chiriku aligeuka, akajaribu kupiga hatua, nguzo ikakatika. Akaanguka. Kofia ya kijani ilionekana ikizidi kuwa ndogo, ndogo, mpaka ikawa tofali moja, kisha hakuna kitu. Maneno ya chini yalisema tu kwamba marafiki sasa ni watatu.

"Vipi? Karudi?" Rangi alikuwa amemshika magoti.

Kimya alimtazama mkewe, mashavu yaliyoingia ndani, miguu iliyovimba juu ya mto.

"Karudi," akasema. "Kimemponyoka kiatu, lakini karudi."

Rangi akashusha pumzi, akacheka hadi akakohoa. Kesho yake, mkewe aliposinzia mchana, Kimya alirudia sehemu ile peke yake, akajaribu kila jibu mchezo uliompa. Hakuna lililomwokoa Chiriku.

Basi uongo ukishazaliwa unataka kulelewa. Kila jioni Kimya alisoma maneno ya marafiki watatu, na ya wa nne akayatunga mwenyewe. Yeye, aliyeogopa hata kutoa shukrani kwenye harusi, sasa alikuwa anatunga mizaha. Chiriku aliwacheka wenzake, alilalamikia njaa, aliomba abebwe mgongoni. Rangi alicheka sana. Kuna wakati Kimya alipokuwa kazini, mwiko mkononi, alijikuta anatafuta Chiriku atasema nini leo, na saruji ikamkaukia kwenye karai.

"Chiriku siku hizi amekuwa mcheshi," Rangi alisema jioni moja.

"Amezoea."

Siku mbili tatu zikapita hivyo. Kisha wakafika kwenye mji wenye mnara ulioinama, na Kimya, aliyekuwa amechoka kwa kumwaga zege tangu asubuhi, alisoma kwa sauti ya Chiriku: "Mnara gani huu? Waliojenga hawakuangusha timazi kupima wima hata mara moja. Na lenta ya juu ya mlango imekaa upande!"

Rangi hakucheka. Aliinua kichwa kutoka kwenye kochi.

"Tangu lini Chiriku anajua timazi?" akauliza.

"Ni mjenzi."

"Mjenzi wa madaraja ya mbao. Na lenta?" Aliupapasa mkono wa mumewe mpaka akaupata. "Mwiko huo naujua mimi, nimelala nao miaka yote hii. Njia ya mwongo fupi, mume wangu. Alikufa lini?"

Kimya aliweka padi mezani. "Kwenye daraja."

"Siku ile ile."

"Siku ile ile."

"Ukawa unanitungia wewe." Midomo yake ilitaka kucheka ikashindwa. "Yale ya kubebwa mgongoni pia?"

"Yote."

Gari lilipita nje, kioo cha dirisha kikatetemeka. Rangi alisubiri mpaka lipite.

"Na daktari je? Siku ile kwenye korido alisema nini?"

Kimya angeweza kusema uongo mara moja zaidi. Alijua hata maneno yake. Lakini mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mkewe, na Rangi alikuwa akiusoma kama alivyosoma kila kitu siku hizi. Akamwambia. Figo, moyo, mashine, mkae naye vizuri. Alipomaliza alikuwa analia, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mkewe kumsikia akilia, kwa sababu hata alipomzika mama yake alishika tu koleo akafukia kaburi.

Rangi alimfuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Nilikuwa najua nusu," akasema. "Mwili unasema. Nilikuwa nangoja mtu anisaidie nusu nyingine. Dada anajua?"

"Anajua. Tulikuwa wote."

"Usimwambie kwamba najua. Dada hajui kulia taratibu. Ataniliza na mimi kila siku, na sina nguvu hiyo. Mwache na Desemba yake."

Kisha akapangusa uso kwa kiganja. "Haya. Nirudishe darajani. Safari hii nieleze vile vilivyo, usinipunguzie."

Akamrudisha. Akamweleza mbao za daraja, hudhurungi ya chai isiyo na maziwa, na bonde ambalo halina chini, na ufa unavyotembea kama maji meusi. Akamweleza Chiriku amekumbatia nguzo, macho ameyafumba kwa sababu ya woga wake wa juu.

"Amefumba macho?"

"Amefumba."

"Majibu ni yapi?"

"La kwanza, arudi. La pili, ashikilie. La tatu ni kukaa kimya."

Hapo Rangi alicheka kweli. "La tatu ni lako hilo. Walikuwekea wewe."

"Nichague hilo?"

"Hapana. Mwite arudi."

"Nimekwambia harudi, mke wangu. Nimejaribu yote."

"Najua. Mwite tu, asikie ameitwa."

Kimya akabonyeza. Akasimulia jinsi Chiriku alivyogeuka, na hatua moja aliyopiga, na nguzo, na kofia. Hakuharakisha. Rangi alifuatisha kwa kichwa, kana kwamba anatazama kitu kinachoshuka polepole, na kilipokwisha akasema, "Kijani gani, ile kofia? Hukuwahi kuniambia." Kimya akatafuta. Kijani cha mlango wao wa nyuma, akasema, ule alioupaka mwenyewe mwaka waliohamia.

Waliendelea na watatu waliobaki, kwa maneno yao halisi. Hadithi ilikuwa imepoa bila Chiriku; hata Rangi alikiri. Jioni nyingine hawakuwasha kabisa, walikaa tu, na Kimya akamsimulia mambo ya kazini: nani kaanguka na ndoo, ukuta gani umekataa kunyooka. Siku ambazo dada alikuja, Rangi alijipaka mafuta, akafungwa kitambaa kizuri kichwani, akasikiliza habari za Desemba na kuuliza watalala wapi, watapanda basi gani.

Alifariki asubuhi, Kimya akiwa jikoni anachemsha maji ya kumkanda miguu. Sura ya mwisho ya mchezo walikuwa hawajaifungua. Watu walijaa nyumbani, wakala, wakalia, wakaondoka mmoja mmoja. Mpwa alitaka kuichukua ile mashine ili isimtie baba yake mdogo simanzi. Kimya alimwambia aichukue.

Baada ya wiki kadhaa shemeji alikuja kupanga nguo za marehemu. Walikaa chumbani, yeye kitandani akikunja, Kimya kwenye kigoda akifunga mafurushi. Katikati ya kazi, shemeji akasema, "Nashukuru jambo moja tu. Aliondoka hajui. Tulimlinda, shemeji."

Kimya angeweza kunyamaza. Ndicho alichojulikana nacho. Lakini alikuwa amezoea kuulizwa na kusema, na neno lilitoka kabla hajalizuia.

"Alijua. Nilimwambia mimi."

Mikono ya shemeji ilisimama. "Lini?"

Akamweleza jioni ile, Chiriku na yote. Shemeji alimsikiliza, blauzi ya dada yake ikiwa magotini.

"Kwa hiyo nilipokuja na zile habari za safari..."

"Alikuwa anajua."

"Nikamwambia tutachukua chumba chenye veranda. Nikamwambia nimeshamnunulia viatu vya wazi. Na yeye anaitikia tu." Sauti yake ilipanda. "Nilikaa pale namdanganya mpaka siku ya mwisho, shemeji, na mngeniambia ningemuaga! Wewe ulimuaga. Mimi sikumuaga dada yangu."

"Alisema nikuache."

"Na wewe ukaniacha."

Ilikuwa kweli, na Kimya aliacha kufunga furushi. Shemeji aliinamia ile blauzi akalia, na kama alivyosema Rangi, hakujua kulia taratibu. Jirani mmoja alikuja hadi mlangoni, akachungulia, akarudi.

Alipotulia, aliinuka na kumalizia kukunja nguo zilizobaki. Blauzi hakuiweka kwenye furushi. Mlangoni aligeuka nusu.

"Kile chumba cha veranda," akasema, "alipokisikia alicheka. Alifurahi au alikuwa ananicheka?"

"Alifurahi," Kimya akasema.

Shemeji alimtazama muda mrefu, akitafuta usoni mwake kama ni kweli. Kisha akabeba furushi lake, akatoka.