Kompyuta ya Kutarizi na Bwana Tutaona

Mimi kompyuta naijua kwa kazi moja tu: inaiambia mashine yangu ya kutarizi ipige sindano wapi. Basi. Mengine yaliyomo humo ndani siyajui na sijayauliza.

Sasa tangu mwezi juzi, kila nikiiwasha, inaniuliza kama nataka mfumo mpya. Nabonyeza "baadaye". Kesho yake inauliza tena. Hata mke wangu, tumekaa miaka arobaini na moja, hajawahi kuniuliza jambo moja mara nyingi hivyo, na yeye si haba.

Binti yangu wa pili, huyu wa ofisini, akaniona nabonyeza.

"Baba, mfumo huo umechoka. Virusi vitaingia, michoro yako yote iende na maji."

Hapo akanishika pabaya. Mle mna nembo za shule kumi na nane, nimezichora mwenyewe, nyingine macho yangu yakiwa bado mazima.

"Na mashine ikiukataa huo mpya?"

"Muulize fundi."

Kinyozi wa jirani, wala hajaulizwa, akasema kompyuta yake ilibadilishwa mfumo ikawa nzito: unaiwasha, unanyoa watu wawili, ndipo inaamka. Ila ya shemeji yake haina neno. Kila mtu na lake, kichwa kinaniuma mimi. Na mezani nina sweta mia na ishirini za shule, zinatakiwa Jumatatu.

Fundi wa kompyuta akaja, mtu mzima na upara wake. Hata kukaa hakukaa.

"Mzee, bonyeza tu 'ndiyo'."

"Mashine ikikataa kutarizi?"

"Tutaona."

"Tutaona mimi na nani? Wewe si utakuwa umeshakwenda zako."

"Mzee nawe, unaogopa nini? Nimebadilisha za watu wengi."

"Zenye mashine ya kutarizi?"

Akakuna upara. "Hizo bado."

"Haya, bonyeza. Ila hilo begi lenye kompyuta yako liache hapa kwangu. Sweta ya kwanza ikitoka na nembo, unakuja kulichukua."

Mke wangu kule chumbani akacheka, akajifanya anakohoa. Fundi akavuta kiti, akakaa. Sasa ndipo akauliza mashine ni ya mwaka gani. Akainama chini ya meza kuangalia waya, akasoma kibandiko cha nyuma, akapiga simu mbili. Nusu saa nzima.

"Mzee, mashine hii na mfumo mpya hawataelewana. Tuuache huu wa zamani. Nitakuwekea nakala ya michoro yote pembeni, halafu kompyuta naikata kwenye mtandao, virusi visiingie."

"Si ndilo nililokuwa nauliza siku zote hizi?"

Binti nilipomwambia kwenye simu alinuna.

"Sasa michoro ya wateja ninaokutafutia nitakutumiaje, Baba?"

"Njoo nayo mwenyewe. Wiki ya tatu hii mama yako hajakuona."

"Jumamosi basi."

Nikarudi kwenye sweta. Zilikuwa zimebaki mia na nne.