Mkeka wa Shangazi Losa

Losa alikuwa mshonaji wa mavazi katika tamthilia ya maharamia iliyopigwa picha ndani ya ghala moja huko Henderson, Auckland. Asubuhi hiyo sindano ilimchoma mara tatu. Fetuao, mtoto wa kaka yake, alikuwa apande kizimbani.

Fetuao ni fa'afafine: alizaliwa mvulana, akakua kama msichana pamoja na dada zake, na kwao Samoa hakuna aliyeshangaa. Katika tamthilia alikuwa haramia aliyeandikiana hati na nahodha wake, kila mmoja amrithi mwenzake, kama maharamia walivyozoea. Nahodha kafa, sasa jaji anataka kujua huyu anayedai urithi ni mwanamume au mwanamke. Mwongozaji, Bwana Dunstan, akaongeza lake: askari wamvue gauni mbele ya watu.

"Ndio ukatili wenyewe wa sheria," alisema. "Watazamaji watalia."

"Watalia wao, uchi nibaki mimi!" Fetuao akamjibu.

"Basi nitafute mwingine, dada."

Fetuao akakaza mshipi wa gauni. Miaka tisa alikuwa akingoja kuigiza mhusika mwenye jina.

Kamera zikaanza. Askari alipogusa tu mshipi wa gauni, Losa akaingia katikati ya mahakama na viatu vyake vya raba, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mikononi ana mkeka mwororo aliousuka mama yake. Akamfunika mtoto gubigubi. Kwao, aliyefunikwa hivyo haguswi mpaka mwenye hasira amfunue kwa hiari yake. Waigizaji wa mabaharia, karibu wote Wasamoa, wakaketi sakafuni, vichwa chini.

"Mama, unaharibu picha!" Dunstan akafoka.

"Naiharibu, baba. Nifukuze."

Chini ya mkeka ikatoka sauti ya haramia: "Mheshimiwa, umeletewa hati uisome. Mwilini mwangu hakuna maandishi."

Mzee Hamish, aliyeigiza jaji, akapekua karatasi zake za mchezo. Akavua wigi. "Dunstan, hilo halimo katika maneno niliyoandikiwa. Naona niisome tu hiyo hati."

Dunstan akawatazama mabaharia. Hakuna aliyeinuka.

"Haya, isomwe," akasema, sauti imeshuka.

"Basi njoo umfunue," Losa akamwambia. "Si kazi yangu."

Mwongozaji akapiga magoti, akaukunja mkeka taratibu, pembe kwa pembe. Fetuao akatoka akipiga chafya, wanja umemchuruzika hadi kidevuni.

"Shangazi, hili vumbi la tangu harusi ya nani?"

"Funga mdomo, nikufute uso," Losa akasema. "Jaji anakungoja."