W ya Wenceslao

Itzel alikuwa na herufi zote za baba yake isipokuwa W, na mwisho wa kuikabidhi kazi ulikuwa Ijumaa, keshokutwa.

Miezi mitatu alizunguka mitaa ya mji wa Puebla akipiga picha mabango ambayo baba yake, mzee Eusebio, aliyachora kwa brashi tangu ujana wake: ya mikate, ya vinyozi, ya viatu. Herufi nono, zimeinama kidogo, zimechangamka. Alikuwa anazigeuza kuwa fonti ya kompyuta, ili baba akishaacha kupanda ngazi, mkono wake uendelee kuandika. Kampuni iliyoiagiza fonti ilitaka alfabeti kamili. Ikikosekana moja, basi tena. Hata K, iliyo adimu kule, aliipata kwenye kila bango la bei kwa kilo. W, wapi! Watu wa Puebla hawana cha kuuza chenye W.

Akaipindua M. Mzee akaitazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu kavaa suruali kichwani! Brashi haipandi, mwanangu, inashuka."

"Basi nichoree moja tu, baba."

"Mimi sichori herufi, nachora majina. Herufi peke yake inauza nini?"

Mbishi kweli kweli. Na mtaa mzima ulijua jina lenye W: Wenceslao, muuza juisi wa kona, aliyemwita Eusebio mwizi kwenye mchezo wa domino miaka kumi na tisa iliyopita. Tangu hapo hawapikiki chungu kimoja, na kibanda chake hakina bango.

Itzel akamwendea.

"Aje mwenyewe na ngazi yake," Wenceslao akajibu. "Mimi simfuati mtu."

Itzel akarudi nyumbani machozi yanamlengalenga. "Mimi nahangaika mkono wako usipotee, baba, nyinyi mnanuniana kwa domino!"

Mzee akaenda kuosha brashi. Asubuhi akabeba ngazi.

Pale kibandani hakuna aliyemsalimu mwenzake.

"Nyekundu au buluu?" Eusebio akauliza.

"Mchoraji nani, mimi au wewe?"

Brashi ikashuka, W ikasimama ukutani, nzuri ajabu. Itzel akaipiga picha, akamkumbatia baba yake, akakimbilia kompyuta. Mzee akafunga kopo la rangi.

"Ala! Jina langu ni W tu?" Wenceslao akauliza.

"Nyingine kesho. Rangi ikauke kwanza."

Uongo mtupu; rangi ile hukauka upesi. Kesho yake akachora e, akapewa glasi ya juisi ya mapera, akakaa mpaka adhuhuri. Siku iliyofuata, n. Kampuni ikaipokea fonti na kuisifu, mzee bado yuko kwenye s. Itzel alipita akawasikia wakitaniana na kucheka, akafurahi kuliko alivyofurahia fonti yenyewe.

Siku ya tisa ikachorwa o. Wazee wakalitazama jina.

"Limekwisha," Eusebio akasema kwa unyonge.

Wenceslao akamimina glasi nyingine. "Huku mbele, ndiyo. Ukuta wa nyuma je?"

"Nyuma hapiti hata paka!"

"Kwa hiyo usiwe na haraka."