Mwanga wa Ndoo

Asubuhi hiyo, ofisini kwake katika Taasisi ya utafiti, mtafiti alifuta vumbi kwenye skrini kwa upindo wa blauzi, akaketi, akawasha programu yake ya uigaji. Kazi yake ilikuwa kuunda, ndani ya kompyuta tu, taa nyembamba kuliko unywele: tabaka za kemikali zenye kaboni, kama zile za kioo cha simu. Elektroni ziliingia upande huu, nafasi tupu za kuzipokea upande ule, na zikikutana, mwanga. Kila afanyaye kazi hiyo huzungushia mchoro wake ukuta wa kumeza miale inayotoroka. Siku hiyo mtafiti aliusahau.

Kabla ya chai ya saa nne mwanga ulikuwa umejaa kwenye kibodi. Ulimwagika mezani, ukashuka ngazi. Mlinzi aliinua miguu upite. Ulivuka barabara ukaingia mtaa wa pili, usio na umeme tangu Taasisi ijengwe na waya wa wakazi wake kuhamishiwa huko. Kwa muda tu, waliambiwa. Watoto waliozaliwa wiki ile sasa wana ndevu.

Dada yake mtafiti, fundi wa nguo, alikaa mtaa huo. Cherehani yake ya umeme, aliyoinunua muda mfupi kabla waya haujaondoka, ilikuwa imefunikwa shuka. Alishona kwa ile ya miguu, na goti lake la kulia lilikuwa limekwisha.

Watu walitoka na ndoo, masufuria, mabeseni ya kuogeshea watoto. Mwanga wa kijani ulifaa kushonea. Mwekundu ulitengwa kwa ajili ya watoto wachanga. Wa bluu haukuchelewa kuharibika, kwa hiyo ulitumiwa kwanza, kama maziwa, na ulimlevya kidogo kila aliyeugusa. Kinyozi alinyoa mtaa mzima bure huku akijipigia makofi. Mashemeji wawili wasiosalimiana walicheza kombolela kama watoto. Bibi mmoja alielea hewani juu ya kiti chake, mpaka mkwewe akamshusha kwa kumvuta kisigino. Bibi alilalamika kwamba ndiyo kwanza alikuwa anaona mbali.

"Dada, nimesahau kuweka ukuta," mtafiti alisema.

"Basi endelea kusahau, mdogo wangu."

Wakacheka mpaka pini zikamtoka fundi mdomoni.

Mkurugenzi wa Taasisi alishuka kukataza. Alisema uigaji hauruhusiwi kutoa kitu halisi. Kisha alikanyaga mwanga wa bluu, akarudi ofisini kinyumenyume, akirukaruka.

Baada ya siku chache alikuja afisa wa umeme. Fundi alimpa kiti, akamweleza habari ya waya kama alivyowaeleza wote waliomtangulia: yule mwenye kipara, yule wa miwani, yule aliyeahidi huku akila. Hakumsahau hata mmoja. Afisa alitazama beseni la kijani, akasema ombi la mtaa la kurudishiwa umeme limefungwa, maana mwanga upo.

"Mwanga hauzungushi mota, mwanangu."

"Mama, usiku mnaona kama mchana. Mnataka nini tena?"

"Waya wetu."

Afisa alicheka sana, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vimelowa mwanga wa bluu tayari, akaomba ndoo ya mwekundu kwa ajili ya mwanawe. Wakampa, wakamshikia na mlango.

Fundi alirudi kwenye cherehani ya miguu. Juu ya paa lake waya ulivuma kuelekea Taasisi. Alikanyaga pedali. Katika mwanga ule mshono ulionekana vizuri sana. Goti pia, jinsi lilivyovimba.