Faili la Makaburi

Mume wangu ndiye aliyeandika programu ya ofisi ya makaburi, enzi hizo kompyuta inanguruma kama mashine ya kusaga. Ukiiandikia jina la marehemu, inakuambia kalala safu gani. Lugha yake ni ya kale, vijana hawaijui. Basi ilipogoma kupokea majina mapya, karani alimfuata mzee nyumbani, naye akavaa shati la kazini utadhani bwana harusi.

Nikaenda naye. Siku hizo alikuwa anasahausahau, anatia chumvi kwenye chai, mimi ananiita dada. Mwanetu alishasema, "Mama, baba sasa akae ndani." Mzee aliyasikia. Njiani akaniambia, "Leo watajua kama kichwa changu kimekufa au kizima."

Alipokaa, alimweleza karani vizuri kabisa. Faili unalifungua kwa neno. Kuna neno la kusoma, kuna la kuongeza mwishoni, na kuna la kuandika upya.

"Hilo la mwisho usiliguse, mwanangu. Linafuta vyote kwanza, wala halikuulizi."

"Haya, babu."

Mzee akarekebisha programu, akaingiza jina la marehemu wa jana, likakubali. Kisha, kama alivyozoea kazini, akanakili faili kwenye diski ya akiba, juu ya nakala ya zamani. Akanikonyeza.

"Umeona, bibi? Ng'ombe hazeeki maini."

"Maini sawa, meno je?" Tukacheka wote, hata karani.

Akaingia mama mmoja anatafuta kaburi la mwanawe, mvua imeng'oa kibao. Karani akaandika jina. Hakuna. Akajaribu jina lingine, hakuna. Faili zima lilibaki na yule mmoja wa jana. Akachomeka diski ya akiba. Mmoja yuleyule.

"Babu," karani akauliza, "umelifungua kwa neno gani?"

"La kuongeza."

Karani akaonyesha kioo kwa kidole. Neno lilikuwa pale, la kuandika upya.

"Nani kaandika upuuzi huu?" mzee akafoka. "Kiti changu mnamkalisha kila mtu?"

"Samahani," yule mama akasema, "ni safu ya ngapi?"

"Subiri, mama, nakutengenezea sasa hivi." Mzee akarudisha vidole kwenye kibodi.

Nikamshika mkono. "Inuka, baba watoto. Twende nyumbani."

"Nimemaliza?"

"Umemaliza."